Tsumaki Yorinaka, mbunifu majengo wa serikali ya Japani aliyelikosa jengo la Bunge: naomba ufafanuzi

Mchoraji wa Uyole (Mbeya) ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mbunifu majengo kijana niliyeajiriwa katika ofisi ya umma hapa Mbeya. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchora madarasa, zahanati na nyumba za watumishi, kisha kwenda kukagua kama mkandarasi amefuata ramani au amejiamulia mambo yake. Wenzangu niliosoma nao, ambao sasa wana ofisi zao Dar es Salaam na Dodoma, hunitania kwamba mbunifu aliyeingia serikalini amejizika mwenyewe, kwa kuwa ramani zake hutoka kwa jina la ofisi na hakuna atakayejua mkono uliozichora. Utani huo ndio ulionisukuma kutafuta habari za wabunifu waliotumikia serikali karibu maisha yao yote, na ndipo nikakutana na jina la Tsumaki Yorinaka, Mjapani wa enzi ya Meiji, yaani kipindi cha kuanzia 1868 hadi 1912 ambapo taifa lile lilijijenga upya kwa kasi iliyowashangaza hata waliokuwa wakilifundisha.

Nilichopata ni vipande tu. Nimesoma kwamba alisomea Marekani na akakaa Ujerumani, kwamba maghala ya matofali mekundu yaliyoko bandarini Yokohama yalitoka katika ofisi yake, na kwamba alijiandaa kwa miaka mingi kujenga jengo la Bunge la nchi yake lakini akafariki kabla msingi haujachimbwa. Kila ninapomtafuta naletewa habari za Tatsuno Kingo, aliyebuni Benki Kuu ya Japani na stesheni ya Tokyo. Naomba mwenye kufahamu anieleze safari yake ya kazi ilikuwaje, alifanya nini ndani ya wizara ambacho mwenye ofisi binafsi asingekiweza, na jengo lile lilimponyokaje. Sihitaji kufarijiwa, nahitaji kuelewa.

Mwalimu Mstaafu (Soko Matola, Mbeya) amejibu:

Marahaba, binti yangu. Umeuliza juu ya mtu ambaye nilikuwa nikimtaja darasani kila mwaka, na wanafunzi wakiniangalia kama ninayetaja jirani yangu wa kule kijijini, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha maelezo.

Tsumaki alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa Edo, ambao baadaye ulipewa jina la Tokyo. Ukoo wake ulikuwa wa hatamoto, yaani watumishi wa karibu wa shogun, mtawala wa kijeshi aliyeshika nchi kwa niaba ya mfalme. Mwaka 1868 utawala wa shogun ulipoangushwa, familia za namna hiyo zilipoteza posho, cheo na mahali pao katika jamii kwa wakati mmoja. Jambo hilo lina uzito katika habari yake yote, kwa sababu serikali mpya iliongozwa na watu wa majimbo yaliyoshinda, hasa Choshu na Satsuma. Katayama Tokuma, aliyekuja kuwa mbunifu wa majumba ya mfalme na kujenga kasri la Akasaka lililokamilika mwaka 1909, alikuwa mtoto wa Choshu, na mlango wa ikulu ulikuwa wazi kwake tangu mapema. Tsumaki alikuwa mtoto wa walioshindwa. Kilichomfikisha alikofika ni shule na uwezo wake wa kuendesha kazi.

Mwaka 1878 aliingia katika Chuo cha Uhandisi cha serikali, kilichokuwa kikiongozwa na Mskoti Henry Dyer. Mwalimu wa ubunifu majengo alikuwa Mwingereza Josiah Conder, kijana aliyewasili Tokyo mwaka 1877 akiwa na miaka 24 tu. Wanafunzi wanne wa kwanza wa Conder walihitimu mwaka 1879, nao ni Tatsuno, Katayama, Sone Tatsuzo na Satachi Shichijiro. Tsumaki hakungoja kuhitimu hapo. Mwaka 1882 aliondoka kwenda chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, akapata shahada mwaka 1884 na kurejea nyumbani mwaka uliofuata. Hivyo hakuwa na mkopo kamili wa fikra kutoka kwa Mwingereza mmoja kama wenzake, jambo ambalo mimi naliona lilimsaidia, ingawa pia lilimfanya abaki pembeni kidogo ya kundi lile la wanafunzi wa kwanza waliojuana kama ndugu.

Sasa naomba usome hapa polepole, kwa maana hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Mwaka 1886 waziri wa mambo ya nje, Inoue Kaoru, alikuwa akipigania kurekebishwa kwa mikataba ambayo mataifa ya Magharibi yaliilazimisha Japani kuisaini, mikataba iliyowaruhusu wageni kuhukumiwa na mabalozi wao na kuizuia nchi isijipangie ushuru wa forodha. Inoue aliamini kwamba mji mkuu wenye wizara, mahakama na bunge vya matofali na mawe ungewafanya wageni wakubali kwamba wanaongea na taifa lililo sawa nao. Ikaundwa idara maalumu ya ujenzi, na kampuni ya Ende na Böckmann ya Berlin ikapewa kazi ya kupanga eneo la serikali. Tsumaki aliajiriwa katika idara hiyo, na mwaka huohuo akapelekwa Berlin pamoja na wenzake, kundi la watu wapatao 20. Wabunifu katika kundi hilo walikuwa watatu tu. Waliobaki walikuwa mafundi: maseremala, waashi wa mawe, wachoma matofali, wapiga lipu, wapaka rangi, mtu wa saruji. Serikali ilielewa kwamba ramani nzuri mikononi mwa fundi asiyejua kulaza tofali itazaa ukuta mbovu.

Mpango mkubwa wa Inoue haukufika mbali. Mazungumzo ya mikataba yalivunjika, naye akajiuzulu mwaka 1887. Fedha zikapunguzwa, idara ikafungwa baada ya miaka michache, na katika majengo yaliyochorwa na Wajerumani ni machache sana yaliyosimama. Wizara ya Sheria, iliyokamilika mwaka 1895, bado ipo Tokyo hadi leo. Lakini mafundi waliporudi nyumbani hawakufutwa pamoja na bajeti. Tsumaki alirejea mwaka 1888 akiwa na watu anaowafahamu kwa majina na kwa mikono yao, na miaka iliyofuata alijenga akiwa na hazina hiyo.

Ofisi ya mkoa wa Tokyo aliikamilisha mwaka 1894. Mwaka huohuo vita kati ya Japani na China vilianza, makao makuu ya jeshi yakahamia Hiroshima, mfalme akahamia huko, na Bunge likaitwa likutane huko pia, mahali ambapo hapakuwa na ukumbi wa kulitosha. Tsumaki ndiye aliyepewa kazi. Jengo la muda la Bunge, la mbao, lilisimamishwa kwa muda wa siku zipatazo 20 tu, na mwezi Oktoba wabunge wakakaa ndani yake. Hakuna aliyelisifia kwa uzuri. Mimi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba wakitaka kujua mbunifu wa serikali ni mtu gani, waache kasri waangalie kibanda kile cha Hiroshima: mbao zimepatikana wapi, nani amezisafirisha, maseremala wangapi wamekusanywa, nani ameidhinisha malipo, na yote hayo katika majuma matatu.

Kuanzia hapo makao yake ya kazi yakawa Wizara ya Fedha, na hilo si jambo la ajabu ukifikiri kidogo. Wizara hiyo ndiyo iliyomiliki forodha, na mwaka 1904 serikali ilihodhi biashara ya tumbaku, kisha mwaka 1905 ikahodhi chumvi. Nchi nzima ikahitaji viwanda, maghala na ofisi vya aina moja kwa haraka. Mwaka 1905 wizara iliunda idara yake ya muda ya ujenzi na Tsumaki akawa mkuu wake. Tatsuno wakati huo alikuwa ameshatoka katika ualimu wa chuo kikuu na kufungua ofisi binafsi, mwaka 1903. Hapo njia zao zikaachana kabisa: mmoja akijulikana kwa jina lake na mtindo wake wa tofali jekundu lenye mistari myeupe ya mawe, mwingine akijulikana kwa wizara yake.

Jengo lake ninalolipenda kuliko yote ni makao makuu ya benki ya Yokohama Specie, yaliyokamilika mwaka 1904, lenye kuba kubwa la kijani na nguzo za mawe zinazopanda ghorofa zote. Huyo si mtu aliyezikwa.

Mwashi wa Ifunda (Iringa) amejibu:

Kamwene, ndugu wote. Mwalimu amesema vyema, ila kama ilivyo kawaida ya walimu, amepita haraka kwenye tofali, nami siwezi kukubali lipitwe.

Kabla ya tofali niseme moja. Mwalimu ametaja Oktoba 1894 na Bunge la Hiroshima. Sisi wa Iringa mwezi huohuo tunaukumbuka kwa jambo jingine, kwa sababu mwishoni mwake Wajerumani walivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga, ngome iliyozungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Taifa lilelile lililokuwa mwalimu wa waashi kule Tokyo lilikuja kwetu na mizinga. Nimelitaja kwa sababu watu hupenda kutuuliza kwa nini Japani waliweza na sisi hatukuweza, na wanasahau kwamba wao walimwajiri Mjerumani kwa mkataba, wakamlipa, na walipoona gharama imezidi wakampunguza.

Tuje kwenye tofali. Idara ile ya ujenzi ilipoanza kupanga wizara za matofali iligundua kwamba Tokyo haina kiwanda kinachoweza kutoa matofali mengi yenye ubora unaofanana. Ndipo mwaka 1887 ikaanzishwa kampuni ya matofali huko Fukaya, kaskazini-magharibi mwa mji mkuu, kwa juhudi za mfanyabiashara Shibusawa Eiichi, na mtaalamu wa Kijerumani akaletwa kuelekeza. Walitumia tanuru la Hoffmann. Sisi huku tunapanga matofali mabichi kama kichuguu, tunaacha matundu ya kuni chini, tunakandika udongo nje na kuwasha moto. Moto ukizimika tunabomoa, na tunayakuta ya katikati yameiva vizuri, ya chini yameungua mpaka yamepinda, na ya nje bado ni udongo. Wale wa Mbarali wanaochomea pumba za mpunga wanapata nafuu ya gharama, lakini shida ya joto kutokufika kila mahali inabaki. Tanuru la Hoffmann lina vyumba vilivyopangwa kwa mzunguko, na moto hauzimwi. Unahamishwa kutoka chumba hadi chumba. Hewa inayoingia hupita kwanza kwenye matofali yaliyokwisha kuiva, ikayapoza huku yenyewe ikipata joto, kisha ikafika motoni ikiwa moto tayari. Na moshi unaotoka hupita kwenye matofali mabichi ukayakausha kabla ya kuondoka. Kuni au makaa yanayotumika ni machache kwa mbali, na kazi haisimami. Tanuru lao mojawapo, lililojengwa mwaka 1907 na lenye vyumba 18, limehifadhiwa hadi leo. Mwaka 1895 kiwanda kilijengewa hata njia yake ya reli. Sasa dada yetu wa Uyole ajiulize: ni mbunifu gani wa ofisi binafsi, akiwa na mteja mmoja anayetaka duka, angeweza kusababisha kiwanda cha namna hiyo kuanzishwa? Mteja aliyeahidi wizara nzima nzima ndiye aliyeweza, hata kama wizara zenyewe nyingi hazikujengwa.

La pili ni tetemeko. Tarehe 28 Oktoba 1891 tetemeko kubwa lilipiga majimbo ya Mino na Owari, karibu na Nagoya, likaua watu zaidi ya 7,000. Majengo mapya ya matofali, ambayo watu walikuwa wakiyaona kama alama ya maendeleo, yaliporomoka mbele ya macho ya wote. Baada ya hapo mbunifu wa Kijapani hakuweza tena kunakili ukuta wa Berlin kama ulivyo, kwa kuwa Berlin ardhi imetulia. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza matetemeko mwaka 1892, na wajenzi wakaanza kufunga kuta zao kwa chuma.

Maghala ya Yokohama ndiyo mfano ninaoupenda. La namba 2 lilikamilika mwaka 1911 na la namba 1 mwaka 1913, yote yakiwa maghala ya forodha. Ukiyatazama kwa nje ni tofali tupu, lakini ndani ya kuta kumelazwa vyuma kati ya safu za matofali ili ukuta ukitikiswa usifunguke. Mlikuwa pia na lifti za mizigo na mfumo wa kuzima moto, vitu ambavyo wakati ule vilikuwa vigeni sana nchini mwao. Nawaambia vijana wangu hapa Ifunda kila siku: mkanda juu ya madirisha si pambo, na anayepunguza nondo kwenye mkanda kwa sababu mwenye nyumba hataziona anamwibia mwenye nyumba. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunakaa kandokando ya Bonde la Ufa. Desemba 1910, maghala yale yakiwa bado yanajengwa, tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga upande wa Rukwa, mojawapo ya makubwa zaidi kuwahi kupimwa barani Afrika. Wakati ule huku nyumba zilikuwa za miti na udongo, na majengo mazito yalikuwa machache sana. Leo ni matofali kila kilima.

Kuna na kiwanda cha bia huko Handa, cha mwaka 1898, ambacho si cha serikali lakini Tsumaki ndiye aliyekichora. Kuta zake zina tabaka kadhaa za matofali zilizoachiwa nafasi ya hewa katikati ili bia isipate joto wakati wa kiangazi. Bado kimesimama.

Mkadiriaji (Makambako) amejibu:

Nawashukuru wote wawili, na kwa heshima zote kwa Mwalimu naomba nitofautiane naye kidogo, kwa kuwa swali la tatu la dada yetu halijaguswa, na nahofu kwamba maelezo yaliyotangulia yanamfanya Tsumaki aonekane malaika aliyedhulumiwa.

Japani ilipata Bunge lake la kwanza mwezi Novemba 1890, na jengo lake lilikuwa la muda, la mbao. Liliungua Januari 1891, miezi miwili tu baada ya kufunguliwa. Likajengwa jingine la muda mwaka huohuo, na hilo la muda ndilo lililotumika hadi lilipoungua nalo mwaka 1925. Miaka yote hiyo swali lilikuwa moja: jengo la kudumu lijengwe lini, na nani alijenge? Tsumaki aliona jibu liko wazi. Wizara ya Fedha ndiyo yenye fedha, ndiyo yenye idara ya ujenzi, na idara hiyo ndiyo iliyowatuma watumishi wake, akiwemo msaidizi wake Yabashi Kenkichi, kwenda kutazama mabunge ya ng'ambo. Kwa nini kazi itoke nje ya ofisi?

Mwaka 1910 serikali iliunda kamati ya maandalizi ya ujenzi wa Bunge, na humo Tatsuno akasimama kudai kwamba jengo la namna hiyo ni la taifa zima, kwa hiyo libuniwe kwa shindano la wazi ambalo kila mbunifu Mjapani anaweza kuingia. Tsumaki alipinga. Kamati ikaikataa hoja ya shindano, lakini chama cha wabunifu majengo kikaichukua na kuipeleka hadharani. Katika mwaka huohuo chama kilifanya mijadala mirefu juu ya mtindo gani wa majengo utakaolifaa taifa siku zijazo, hivyo suala la Bunge likawa limeshikana na suala la sisi ni nani. Ukiongeza kwamba Tatsuno alikuwa amewafundisha chuo kikuu wabunifu wengi wa kizazi kilichofuata, utaona kwamba Tsumaki hakuwa na wafuasi wengi nje ya kuta za wizara.

Mimi nimekaa upande wa zabuni kwa muda mrefu wa kutosha kukubali kwamba Tatsuno alikuwa na haki. Ofisi ya serikali yenye uwezo mkubwa huanza kuamini kwamba uwezo wake ndiyo ruhusa yake. Nimeiona ofisi moja, ambayo sitaitaja, ikikataa kushindanisha hata kazi ya uzio kwa madai kwamba hakuna mtu wa nje anayeelewa mahitaji yake, na ramani iliyotoka ilikuwa ileile ya uzio wa miaka kumi nyuma, hata jina la kituo cha zamani halikufutwa pembeni. Tsumaki hakuwa mvivu wa namna hiyo, hilo nalikubali bila shaka yoyote, lakini hoja yake ilikuwa ileile.

Wala si shindano lililomnyang'anya jengo. Mwaka 1911 serikali ya waziri mkuu Katsura Taro iliondoka madarakani na mpango ukawekwa kando kwa sababu ya fedha. Mwaka 1913 Tsumaki, afya yake ikiwa imeharibika, aliacha utumishi. Alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 57. Shindano alilolipinga lilitangazwa mwaka 1918. Tatsuno naye, aliyelipigania kwa miaka minane, alifariki Machi 1919 kwa homa kali ya mafua iliyoenea dunia nzima kuanzia mwaka 1918, kabla ya mshindi wa mwisho kutangazwa. Jina la mshindi lilikuwa Watanabe Fukuzo, na cha kuchekesha ni kwamba naye alikuwa mtumishi wa serikali, upande wa nyumba ya mfalme.

Mchoraji wa Uyole (Mbeya):

Nawashukuru sana, na kwa kweli sikutarajia majibu yenye kina hivi. Ndaga fijo, Mwalimu.

Bado kuna jambo linanisumbua. Mkadiriaji amesema ofisi yenye uwezo hujifungia, na kwa maelezo ya Mwalimu naona ofisi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya Tsumaki. Kama alijenga ofisi, basi tuwaulize watu waliotoka humo. Je, walikuwa wanakili tu wa mkono wa mkubwa wao, au walikuja kuwa wabunifu kwa haki yao? Na je, mbunifu wa wizara alikuwa na nafasi yoyote ya kujaribu mtindo wake, au kila kitu kilikuwa cha Kijerumani kwa amri?

Mwalimu Mstaafu (Soko Matola, Mbeya):

Nimefurahi kwamba umeuliza kuhusu vijana wake, kwa maana hapo Mkadiriaji na mimi tunaweza kupimana kwa ushahidi.

Endo Oto alikuwa msimamizi wa ujenzi wa ile benki ya Yokohama Specie. Alipotoka hapo akawa mmoja wa wa kwanza nchini Japani kujenga kwa zege lenye nondo, na mwaka 1911 sehemu ya kwanza ya jengo lake la ofisi za kampuni ya Mitsui ilikamilika katika mji uleule wa Yokohama, zege tupu kuanzia chini hadi juu. Mtu aliyelelewa na bingwa wa tofali ndiye aliyelipa tofali kisogo. Takeda Goichi alifanya kazi chini ya Tsumaki akiwa kijana, kisha akaenda Ulaya, akarudi na mitindo mipya ya wakati ule na kuwa mwalimu mkubwa huko Kyoto. Sioni unakili hapo. Yabashi ndiye aliyebaki wizarani, na habari yake nitaisema mwishoni.

Juu ya mtindo, tazama benki ya Nihon Kangyo ya mwaka 1899, ambayo Takeda alimsaidia kuibuni. Wakati kila benki ya Tokyo ilitaka kuonekana kama imehamishwa kutoka London, Tsumaki aliijengea paa kubwa la Kijapani, ubao, na sura inayokaribia hekalu. Ilikuwa benki ya kuwakopesha wakulima na wenye viwanda kwa muda mrefu, na nadhani aliona haina haja ya kuwatisha wateja wake kwa nguzo za mawe. Jengo hilo lilihamishwa zaidi ya mara moja, likawa hata ofisi za jiji la Chiba, na leo linatumiwa na kampuni ya kuuza magari mjini humo. Kwa hiyo ule Ujerumani haukuwa amri. Ulikuwa chombo alichokitoa alipoona kinafaa.

Kuna pia daraja la Nihonbashi mjini Tokyo, mahali ambapo tangu enzi za shogun umbali wa barabara kuu za Japani ulianza kuhesabiwa. Daraja la mawe la mwaka 1911, lenye matao mawili, urefu wa mita 49 na upana wa mita 27, lilikokotolewa na wahandisi wa jiji, na Tsumaki akapewa mapambo. Hakuweka malaika wala wanawake wa Kigiriki. Taa zake zimebebwa na kirin, mnyama wa hadithi za Mashariki ya Mbali, mwenye mabawa, pamoja na simba. Na maandishi ya jina la daraja yaliandikwa kwa mkono wa Tokugawa Yoshinobu, shogun wa mwisho, yuleyule ambaye ukoo wa Tsumaki uliangukia naye. Mwaka 1963 barabara ya magari ya juu ilijengwa ikapita moja kwa moja juu ya daraja hilo na kulifunika, kwa hiyo mbunifu wa umma naye hana kinga dhidi ya umma.

Kwa Mkadiriaji nakubali nusu. Shindano lilikuwa haki, na Tsumaki alipaswa kuliingia badala ya kulizuia. Ila tazama kilichofuata. Mchoro ulioshinda ulibadilishwa sana kabla ya kujengwa, na waliubadilisha nani? Watumishi wa Wizara ya Fedha, wakiongozwa na Yabashi. Ujenzi ulianza mwaka 1920, Yabashi akafariki mwaka 1927 kazi ikiwa bado inaendelea, na jengo likakamilika Novemba 1936 likiwa na mnara wa mita 65. Mawe, mbao na vifaa vyake karibu vyote vilitafutwa ndani ya nchi.

Mkadiriaji (Makambako):

Mwalimu, hapo umenisaidia mimi kuliko ulivyojisaidia. Kama wizara iliweza kuubadilisha mchoro wa mshindi kiasi hicho, basi shindano lilikuwa la kuonyesha watu tu, na hofu ya Tatsuno ilikuwa ya kweli hata baada ya kifo chake.

Mwashi wa Ifunda (Iringa):

Mkigombana juu ya shindano mimi nitawaacha, ila dada wa Uyole asiondoke bila kujua tetemeko lilisema nini. Tarehe 1 Septemba 1923 Yokohama iliharibiwa karibu yote. Kuba la ile benki ya Mwalimu liliungua, kuta za mawe zikabaki. Kuba la leo lilirudishwa mwaka 1967 jengo lilipofanywa makumbusho ya mkoa wa Kanagawa. Ghala namba 1 lilianguka karibu nusu, na ndiyo maana ukiyaona maghala yale leo moja ni fupi kuliko jingine. La namba 2 lilisimama. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamarekani waliyashika, baadaye yakarudi kuwa maghala ya bandari, na tangu mwaka 2002 yana maduka na kumbi za maonyesho. Dada, ukipata picha zake tazama kwanza vichwa vya madirisha na sehemu za kukutania kuta, kisha ulinganishe na darasa lolote ulilolikagua mwezi huu, ulete hapa picha za pande zote mbili tuzijadili.